Ukimya Ule Ni wa Nani?

Kambini,
9 Februari

Mpendwa Dada,

Shikamoo, na nyingine mpelekee shemeji. Wapwa zangu wabusu wote kwa niaba yangu, yule wa mwisho umfinye shavu kidogo, atajua ni mimi.

Sisi huku tu wazima. Ukuta wa bwawa umeanza kufanana na ukuta, na mimi niko kulekule juu ya kreni, wenzangu nawaona chini kama siafu. Upepo ukivuma kibanda kinayumba, nami nayumba nacho. Nimezoea.

Kila Jumapili nakupigia kwa simu ya ofisi, maana huku zetu za mkononi ni tochi tu, mtandao haufiki. Unapokea vizuri. Lakini Dada, huwa tunazungumza lugha gani? Nilikuuliza watoto wanaendeleaje na shule, ukanijibu kwamba mvua bado. Nikakuambia nina habari kubwa, ukasema, "Haya, asante, na wewe pia," ukakata. Karani wa ofisi alicheka mpaka akaegemea kabati.

Basi habari naiandika. Mke wangu ni mjamzito tena. Unajua tulivyompoteza yule wa kwanza. Muuguzi wa zahanati ya hapa aliweka kile kipembe cha kusikilizia moyo wa mtoto tumboni huku akipiga soga na mwenzake mlangoni, akasema mtoto yuko sawa. Jioni hatukuwa na mtoto. Mke wangu mpaka leo akiona nguo za kichanga zimeanikwa kwa watu hugeuza njia.

Safari hii sibahatishi. Nataka aje kwako mwezi wa tano, akae hapo mpaka ajifungue mikononi mwako. Nusu ya watoto wa mji huo wamepitia mikononi mwako. Huyu wetu apite hapohapo.

Nijibu upesi.

Mdogo wako.


Nyumbani,
2 Machi

Mdogo wangu mpenzi,

Marahaba. Barua yako imenikuta salama. Shemeji yako bado anabishana na chaki, ameongezewa darasa lingine na hajaongezewa hata kiti. Huyu wa mwisho uliyesema nimfinye ameng'oka meno mawili ya mbele na anadai mjomba ndiye ameyachukua.

Simu yangu ina matatizo. Inakwaruza. Usipoteze Jumapili zako, niandikie tu, mimi napenda barua.

Habari ya mke wako imenifurahisha hadi nikasimama jikoni na mwiko mkononi, mboga ikaungua. Hongereni. Mwambie apumzike, asibebe ndoo, na miguu ikivimba aende kupima presha siku hiyohiyo, asingoje kesho.

Kuhusu kuja huku, nimelifikiria. Wodi yetu ya wazazi imejaa kupita kiasi, akina mama wanalala wawili kitanda kimoja. Na nyumba yetu unaijua. Mimi ningeshauri umpeleke hospitali ya mkoa, huko wana mashine zinazoonyesha mapigo ya moyo wa mtoto kwa tarakimu, hakuna haja ya mtu kubandika sikio. Nina rafiki pale, nitamwandikia.

Usinielewe vibaya.

Dada yako.


Kambini,
24 Machi

Dada,

Shikamoo. Ni wazima wote huku, na kazi inaendelea.

Nimeisoma barua yako mara nyingi nikitafuta mahali ulipoficha sababu. Wodi imejaa? Imejaa tangu nikiwa mtoto. Nyumba ndogo? Mlilala sita humo alipokuja shangazi kuuguza mguu, na ukasema nyumba ni mioyo.

Basi niseme mwenyewe. Hukumpenda mke wangu tangu mwanzo. Siku ya harusi ulikaa pale mbele kama mtu aliyeletewa kesi. Watu wanacheka, wewe umekodoa macho. Mjomba anatania mpaka watu wanajifuta machozi, wewe hata jino halikuonekana. Mke wangu aliniuliza usiku uleule, "Wifi nimemkosea nini?" Nikamwambia una mawazo ya kazi. Nimekutetea miaka yote hii.

Mashine za hospitali ya mkoa siziamini. Umeme ukikatika mashine inageuka kabati. Nataka masikio yako, Dada. Nilikuwa kijana bado nikiona watu wanakuja hadi mlangoni wakisema, "Aje yule, yeye akisema moyo unapiga, unapiga."

Tiketi nimekata. Atafika wiki ya kwanza ya Mei. Ukitaka kumfungia mlango, mfungie mwenyewe akiwa amesimama nje na tumbo lake.

Mdogo wako.


Nyumbani,
20 Aprili

Mdogo wangu,

Salamu. Tu wazima.

Aje. Chumba cha watoto nimekipangua, kitanda kipo dirishani, atapata hewa. Mlango wangu sijawahi kuufunga kwa mke wako na sitaufunga. Siku ya harusi yenu nilikuwa na furaha kuliko unavyojua. Mengine usiniulize.

Ila mimi si peke yangu pale hospitali. Kuna mkunga mwenzangu tunamwita Chapuchapu, kwa mwendo wake. Ana mikono mizuri na kichwa kilichotulia. Huenda akawa yeye atakayemhudumia zaidi. Msije mkalalamika.

Nina swali lingine, halihusiani na haya. Unakumbuka Mama alianza lini kutotuitikia? Mimi nilikuwa chuoni. Wewe ndiye ulikuwa naye.

Dada yako.


Kambini,
18 Mei

Dada,

Shikamoo. Asante kwa kumpokea mke wangu. Ameniandikia kwamba anakula vizuri, analala vizuri, na kwamba hujamwacha ainue hata sufuria. Naomba radhi kwa ukali wa barua ile. Damu ilikuwa imenichemka.

Lakini ameandika na mengine, nami siwezi kuyameza. Anasema mezani humketisha upande wa kulia kwako, akihama humrudisha. Anasema akizungumza humtazama midomo, si macho. Shemeji akikuita kutoka chumba kingine huitiki, lakini yeye mwenye sauti nyembamba akiita unageuka. Redio yenu inavuma mpaka jirani amekuja kugonga. Na wewe mwenyewe, anasema, unazungumza kwa sauti ya chini sana, kama mtu aliye karibu na mgonjwa.

Dada, unaumwa? Nijibu kwa neno moja.

Umeuliza kuhusu Mama. Sipendi kulizungumzia. Alianza nilipoacha shule. Nilimweleza kwa nini, nikiwa nimesimama nyuma yake, anachambua mchele. Hakugeuka. Nikarudia. Hakugeuka. Tangu siku hiyo nilijua amenifuta. Akawa ananiitikia anapotaka, asipotaka anajitia hamnazo. Nilipokuja kuondoka nyumbani sikuaga vizuri, na unajua kilichofuata, tulirudi kuzika. Basi. Usinichokonoe tena hapo.

Mdogo wako.


Nyumbani,
6 Juni

Mdogo wangu,

Salamu nyingi. Mke wako ana macho makali kuliko polisi wa barabarani, mwambie nimemvulia kofia. Siumwi. Nilikuwa na mafua na masikio yakaziba, nikasafishwa nta, yataachia tu. Ni mambo ya kawaida, watu wazima kwa watoto.

Mtoto amekaa vizuri, kichwa kimeshuka. Chapuchapu amesikiliza moyo wake wiki iliyopita na wiki hii, unapiga sawasawa. Tunatazamia mwisho wa mwezi.

Kuhusu Mama, samahani kukuuliza. Kulikuwa na jambo nilitaka kujua. Sasa nimeshajua kiasi.

Dada yako.


Kambini,
15 Juni

Dada,

Kwa nini Chapuchapu?

Mimi simjui Chapuchapu. Kwa nini amesikiliza yeye, wiki mbili mfululizo, na wewe uko palepale? Nta gani hiyo ya tangu Februari?

Nijibu hili tu, salamu nyingine baadaye.

Mdogo wako.


Nyumbani,
3 Julai

Mdogo wangu,

Shemeji yako amekwisha kukupigia ofisini, kwa hiyo unajua binti yako ni mzima, na mama yake pia. Kashonwa, anakaa, anakula, anamnyonyesha mtoto huku akinitazama nikiandika. Amesema nisikupunguzie kitu. Barua yako ya tarehe kumi na tano nimeipata baada ya yote.

Shemeji hakukuambia yaliyotokea pale leba, maana nilimwomba niseme mwenyewe.

Mimi sisikii vizuri. Si mafua, wala si nta. Yalianza kidogokidogo, na tangu nimzae huyu wa mwisho yakazidi. Kwanza zilipotea sauti nzito. Sauti yako kwenye simu ilikuwa mojawapo, mdogo wangu, naisikia kama mtu anasukuma meza chumba cha pili. Harusini kwenu sikumsikia mjomba hata neno moja. Nilikodoa macho nikimfuata midomo, naye ana masharubu.

Kazini nilijipanga. Nilimwachia Chapuchapu kupima presha na kusikiliza mioyo ya watoto, mimi nikachukua kushona, kusafisha, kupokea watoto wenyewe, kazi za macho na mikono. Nilijiambia hakuna anayeumia. Nilikuwa nasubiri yaachie. Nikienda kwa daktari wa masikio nikaambiwa kitu, ningelazimika kukisema kwa muuguzi mkuu, na nikikisema ningemwaga unga. Na mimi bila leba sijui ningekuwa nani.

Wifi alishikwa na uchungu asubuhi, mapema kuliko tulivyotazamia. Tulipofika wodi ilikuwa imefurika. Chapuchapu alikuwa kitanda cha mwisho, mikono yote kwa mama mwingine ambaye mtoto wake alikuwa ameshachomoza kichwa. Nikampandisha wifi kitandani. Uchungu ulikuwa mkali, unakuja haraka, na chupa ilipopasuka maji yalikuwa ya kijani, dalili kwamba mtoto anataabika ndani. Unajua sisi tukiona maji ya kijani tunafanya nini. Tunasikiliza moyo.

Nikachukua kipembe. Nikakiweka pale ambapo mgongo wa mtoto ulikuwa, najua kuutafuta kwa vidole hata nikiwa nimefumba macho, nikainama, nikabandika sikio la kulia, lile zuri kidogo.

Sikusikia kitu.

Nikahamisha. Nikabadili sikio. Hakuna. Na hapo, mdogo wangu, sikujua ukimya ule ni wa nani. Ni wangu au ni wa mtoto? Nilikuwa nimeinama juu ya tumbo la mke wako na sikuwa na njia yoyote ya kujua kama mwanao yu hai.

Nilipoinua kichwa alikuwa ananitazama. Akaniuliza kwa ile sauti yake nyembamba, ambayo naisikia, "Wifi, unamsikia?"

Nikuambie ukweli wote. Neno "ndiyo" lilikuwa limeshafika mdomoni. Nimelisema kwa akina mama wengi, lilizoea kutoka. Ningelisema, ningempa moyo, halafu ningemsubiri Chapuchapu amalize. Ni dakika chache tu, nilijiambia. Kisha nikamwona alivyonishika mkono, kwa mikono miwili, kama mtu anayengoja kuvutwa kutoka majini.

Nikasema, "Simsikii. Masikio yangu yameharibika, wifi. Ngoja."

Nikageuka nikapiga ukelele. Wanasema hawajawahi kunisikia nikipaza sauti, wodi nzima iligeuka, hata waliokuwa wanasukuma wakasita. "Mimi sisikii! Naomba mtu mwenye masikio hapa, sasa hivi!"

Chapuchapu alimkabidhi mwanafunzi yule mtoto aliyekwishatoka, akavua glavu akija mbio, hakuniuliza kitu. Akainama. Mimi sikutazama tumbo, nilimtazama uso. Nimejifunza kusoma nyuso. Nikaona nyusi zinakutana. Akaanza kugonga pale kitandani kwa kidole, kila pigo la moyo gonga moja, ili nione. Moyo ulikuwapo. Lakini kidole kilikuwa kinakwenda polepole mno, na katikati kikasimama, kikaanza tena.

Mengine yalikwenda mbio. Daktari, machela, chumba cha upasuaji. Nilisukuma machela mimi mwenyewe, wakanizuia mlangoni. Kitovu kilikuwa kimemzunguka shingoni na kubanwa. Daktari alituambia baadaye kwamba tungechelewa kidogo tu zaidi, angemtoa mtoto wa kuzikwa. Nilimwona analetwa amefungwa kitambaa cha kijani, mdomo wazi, uso umekunjamana. Nikajua analia. Nilijua kwa kuona.

Kesho yake muuguzi mkuu aliniita. Sikungoja aniulize, nilisema yote. Hakunifukuza, lakini leba nimetolewa, na sijui kama nitarudi. Alinipeleka mwenyewe kwa daktari wa masikio.

Yule daktari ni mtu mpole, anachora anapoeleza. Alitazama ndani akasema njia ni safi, hakuna nta, ngoma ya sikio haijatoboka, hakuna usaha. Ndiyo maana kwa nje kila kitu kinaonekana kizuri. Akagonga chuma chake chenye mapanda mawili, akakishika mbele ya sikio, sikusikia kitu. Akakikandamiza kwenye mfupa nyuma ya sikio, nikasikia mlio wazi kabisa, nikaruka. Akasema basi ni hilo. Nyuma ya ngoma kuna vifupa vitatu vinavyopokezana sauti, na cha mwisho ni kidogo kuliko punje ya mchele, kina umbo la kikuku cha kupandia farasi. Kwangu hicho kimeota mfupa pembeni kikaganda, hakitikisiki. Sauti inafika mlangoni, mlango haufunguki.

Aliniuliza swali nikashangaa. "Je, husikia vizuri zaidi penye kelele?" Ni kweli. Sokoni nasikia kuliko sebuleni. Akasema penye kelele watu hupaza sauti wenyewe bila kujua. Na ndiyo maana nazungumza kwa sauti ya chini, sauti yangu naisikia kwa ndani ya mfupa, najiona napiga makelele.

Kisha akauliza kama kuna mwingine katika ukoo. Ugonjwa huu hurithiwa.

Mdogo wangu, kaa chini. Mama alikuwa na umri kama wangu sasa. Ulisimama nyuma yake, ana mchele mkononi, nawe sauti yako ilikuwa imeshavunjika, imekuwa nzito. Hakukufuta. Hakukusikia.

Dada yako.


Kambini,
29 Julai

Dada,

Nimeipata barua yako. Nimengoja kabla ya kuandika kwa sababu niliyoyaandika mwanzo niliyachana.

Nashukuru mtoto wangu yu hai. Hilo nimeliweka kando, ni lake peke yake.

Sasa nikuulize. Ulijua tangu lini? Nilikuandikia kwamba tulimpoteza wa kwanza kwa mtu aliyejifanya amesikia. Nikakuandikia nataka masikio yako. Ulisoma maneno hayo, ukakunja barua, ukaniambia simu inakwaruza. Na kama Chapuchapu asingekuwa hapo kitanda cha mwisho? Kama angekuwa ameenda kunywa chai? Unaniambia "ndiyo" ilifika mdomoni. Nimelala na neno hilo kila siku tangu nisome. Na hao akina mama wengine ulioliambia?

Mke wangu ameandika ananikataza kukukasirikia. Anasema wewe ndiye uliyemwokoa mtoto. Labda. Lakini yeye hakuwa anakuamini tangu utoto kama nilivyokuamini mimi.

Mwambie arudi huku mshono ukikauka.

Kuhusu Mama, nilikwenda nikakaa kwenye mawe kule kando ya maji hadi wenzangu wakaja kunitafuta. Miaka yote nilimnunia mtu ambaye hakujua amekosa nini. Huenda na yeye alidhani mimi ndiye nimemfuta.

Mimi masikio yangu ni mazima, usianze.

Mdogo wako.


Nyumbani,
25 Agosti

Mdogo wangu,

Salamu. Wifi na mtoto nimepata habari kwa dereva wa basi kwamba wamefika salama. Nyumba imepoa, na huyu wa mwisho anauliza kila jioni mtoto wa mjomba amekwenda wapi.

Sitajitetea. Uliyoyauliza ni haki yako. Nilijua kwa muda wa kutosha kuweza kusema, na sikusema. Akina mama wale wengine, tumepitia mafaili pamoja na muuguzi mkuu, hakuna tuliyemkuta ameumia kwa ajili yangu, lakini hilo ni bahati, si kazi yangu nzuri. Sasa niko kliniki, nafundisha wajawazito dalili za hatari. Wanazungumza mmoja mmoja, upande wa mbele. Nimewaambia siku ya kwanza kwamba sisikii vizuri. Mmoja akasema, "Basi afadhali, mume wangu anasikia na hajibu." Tukacheka wote.

Daktari anasema kuna vifaa vya kuvaa sikioni, au upasuaji wa kutoa kifupa kilichoganda na kuweka kingine cha bandia. Wengi hupona vizuri. Wachache sikio hilo hufa kabisa, halisikii tena hata radi. Nimechagua upasuaji, sikio la kushoto ambalo ni bovu zaidi. Naogopa, usidhani siogopi.

Sasa na mimi nikuulize, na usichane barua. Wifi alinieleza mambo kabla hajaondoka. Anasema siku hizi unapenda kuzungumza naye karibu na jenereta, unasema nyumbani watu wananong'ona. Anasema redio yenu ya kazini, ile ya kuzungumza na walio chini, umeihamishia upande wa kulia, ulikuwa ukiitumia kushoto. Anasema unalalamika vijana wa siku hizi wanatafuna maneno.

Wewe uko juu na vyuma vinaning'inia juu ya vichwa vya watu. Aliye chini akikwambia "simama", ni sauti tu inayokufikia.

Unaponikasirikia, nikasirikie. Lakini nenda ukapimwe.

Dada yako.


Nyumbani,
10 Oktoba

Mdogo wangu,

Hujajibu. Naandika tena.

Nimefanyiwa upasuaji. Siku za kwanza nilikuwa nikigeuza kichwa chumba kizima kinazunguka, shemeji yako alinishika kama mtoto anayejifunza kutembea. Mdomo una ladha ya chuma, chai chuma, uji chuma, daktari anasema itaondoka. Pamba imetolewa wiki hii. Nasikia. Si kila kitu, na sauti nyingine zinanigonga kwa ukali, vijiko vikiangukia sinki naruka. Wiki ijayo wanapima tena, ndipo wataniambia kama napata kurudi leba au la. Sijui watasema nini.

Sikuandika kukusumbua. Niandikie hata kunitukana, ila niandikie umepimwa.

Dada yako.


Kambini,
7 Novemba

Mpendwa Dada,

Shikamoo. Samahani kwa kimya. Mke wangu anakusalimu, na binti yetu ameanza kujigeuza, ukimlaza chali unamkuta kifudifudi, hafurahii msaada wa mtu.

Nilikuwa na barua yako ya Agosti mfukoni mwa ovaroli kwa muda mrefu. Nilikuwa nimekukasirikia, na kila nilipoisoma nilikasirika zaidi, hadi nikajiuliza kwa nini barua ya mtu asiye na hoja inanikera hivyo.

Wiki iliyopita nilipanda juu asubuhi kama kawaida. Tulikuwa tunainua vyuma vya mlango wa maji, watu wengi chini. Mwenye redio akaanza kunielekeza. Na nikajikamata, Dada. Nilikuwa simsikii. Nilikuwa naona mkono wake, naona kofia yake inavyoinama, nabahatisha neno. Nikafikiria ni siku ngapi nimekuwa nabahatisha. Niliposhusha ule mzigo pale chini salama, hakuna aliyejua kitu. Hakuna aliyeguswa. Ningeweza kuendelea.

Nikazima mashine. Nikashuka ngazi yote. Wenzangu walidhani nimeshikwa na tumbo.

Nilikwenda moja kwa moja kwa msimamizi. Nikamwambia siwezi kupanda tena mpaka nipimwe, sikio la kushoto halisikii na la kulia sina hakika nalo. Akanikumbusha kwamba nikishuka atampandisha mtu mwingine, na huenda nafasi isirudi. Nikamwambia najua. Sasa hivi niko stoo, nagawa glavu na misumari, na wanaonitania ni wengi. Jana nimetoka kwa daktari wa masikio. Ni lilelile, yote mawili, la kushoto zaidi. Alipoweka chuma chake nyuma ya sikio na mimi niliruka.

Nimekukasirikia kwa kosa ambalo nililifanya kila siku nikiwa juu ya watu. Tofauti ni kwamba wewe ulipiga ukelele mbele ya wodi nzima, na mimi ilinibidi nisome barua yako miezi miwili.

Msimamizi aliniuliza kitu nilipokuwa naondoka ofisini kwake. Alisema, "Nani amekugundua?" Nikamwambia hakuna. "Kumetokea ajali ambayo siijui?" Nikamwambia hapana. Akaweka kalamu chini. "Sasa mtu mzima unakujaje kujichongea mwenyewe, kazi unayo, hakuna anayekushuku?"

Nikamwambia, "Nina dada."

Mdogo wako.